Shajara ya mradi: kikomo cha majogoo watatu kinalinda nini hasa?

Agosti 3

Ubishi wa mwaka jana haujaisha. Tuko wanane, tunawinda fezanti mashariki mwa jimbo la South Dakota, Marekani, kwenye shamba la mzee mmoja anayetukaribisha kila msimu, na kila jioni tunapokaa kunyonyoa ndege maneno ni yale yale. Nusu yetu wanasema fezanti wanapungua kwa sababu sheria inaruhusu majogoo watatu kwa mtu kwa siku, basi washushwe wawe wawili. Nusu nyingine wanasema kikomo hakina kosa. Mimi ni wa kundi la kwanza, tena nilikuwa nikiongea kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nimechoka kubishana bila hesabu. Mradi wenyewe ni huu: nitatengeneza jedwali kwenye kompyuta linalofuata kundi moja la fezanti mwaka mzima, tangu kiota hadi theluji, kisha nibadilishe kikomo nione kinachotokea. Nitaandika hapa kila hatua, pamoja na pale nitakapokosea.

Kwa asiyemjua ndege huyu: ni wa ukoo mmoja na kuku na kwale, mwenyeji wa Asia. Jogoo ana kichwa cha kijani kinachong'aa, uso mwekundu, mkufu mweupe shingoni na mkia mrefu. Tetea ni wa rangi ya majani makavu, na akiwa ameatamia unaweza kumkanyaga usimwone. Tofauti hiyo ya rangi ndiyo inayobeba sheria yote ya uwindaji wake.

Agosti 10

Leo nimesoma sheria. South Dakota: majogoo 3 kwa siku, na kila mtu asiwe na zaidi ya 15 kwa jumla nyumbani na safarini. Iowa: 3 kwa siku, 12 kwa jumla. Kansas: 4 kwa siku. Minnesota: 2 kwa siku hadi mwisho wa Novemba, kisha 3 kuanzia Desemba. Kote huko tetea haruhusiwi, na unaposafirisha mawindo lazima uache kichwa, mguu au manyoya yanayoonyesha kwamba ni jogoo. Mguu unatosha kwa sababu jogoo ana kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu.

Nilitarajia nikute jimbo lenye ndege wachache ndilo lenye kikomo kidogo. Sikuona mpangilio wa namna hiyo. South Dakota, yenye fezanti wengi kuliko jimbo lolote, ina kikomo sawa na Iowa, na Kansas imeipita. Hili limenikera kidogo, nimeliwekea alama.

Agosti 17

Nimetoka kabla ya jua kuchomoza, nikaendesha gari polepole maili 30 kwenye barabara za changarawe. Hivi ndivyo idara za wanyamapori zinavyohesabu. Iowa huwa na njia zaidi ya 200 za urefu huo, na huzipitia kila Agosti. Asubuhi inayofaa ni ile yenye umande mzito bila upepo, kwa sababu tetea hapendi vifaranga wake walowe. Anawatoa kwenye nyasi na kuwaleta barabarani wakauke. Ukienda siku kavu utarudi ukisema ndege wamekwisha, kumbe wako ndani ya nyasi wanakusikiliza.

Nimejifunza pia kwamba idadi ya ndege waliojitokeza si habari kubwa kama nilivyodhani. Kinachotakiwa kuandikwa ni mambo mawili: tetea ana vifaranga wangapi, na matetea wangapi wanatembea peke yao. Tetea asiye na kifaranga katikati ya Agosti mwaka wake umepita. Hutaga mayai 10 hadi 12, huyaatamia siku 23 hivi, na kiota kikiharibiwa mapema hujaribu tena, lakini kila jaribio huwa na mayai machache kuliko lililotangulia. Akishafaulu kuangua, hazai tena mwaka huo.

Agosti 31

Jedwali la kwanza limefanya kazi. Namba nilizoweka ni zangu za kukisia, nimezichagua ziwe karibu na maisha ya ndege huyu, si takwimu za mahali fulani.

Naanza Aprili na matetea 100. Kati yao 70 wanafika Oktoba. Matetea 50 wanafaulu kuangua, na kila mmoja anafikisha vifaranga 4 hadi Oktoba. Hao ni vijana 200, nusu majogoo, nusu matetea. Kwa hiyo Oktoba nina matetea 170. Nikisema kipupwe kinaacha hai asilimia 60, Aprili inayofuata nina matetea 102. Kundi limesimama palepale, na mbili za ziada.

Kisha nikawapitisha majogoo kwenye msimu wa uwindaji. Wawindaji wakichukua asilimia 60 ya majogoo kila mwaka, kundi linatulia kwenye majogoo 29 kila Aprili. Nikapunguza mawindo hadi asilimia 40, nikiwa na hakika kwamba sasa nitawaonyesha wenzangu. Majogoo wa Aprili wakapanda hadi 48. Nikashuka kwenye safu ya vifaranga: 200. Vilevile. Nikapandisha mawindo hadi asilimia 80, majogoo wakabaki 13. Vifaranga 200.

Nilikagua fomula mara tatu nikidhani nimeunganisha safu vibaya. Hakukuwa na kosa. Jogoo mmoja wa fezanti hupanda matetea wengi, haatamii, halei. Majogoo 13 kwa matetea 100 ni mmoja kwa matetea wasiofika wanane, na mayai yote yatakuwa na mbegu. Wale 35 wa ziada niliowaokoa kwa kubana kikomo walikula nafaka ya baridi, wakawika kwa fahari mwezi wa Mei, na hawakuongeza kifaranga hata mmoja.

Usiku huo sikulala vizuri. Nimekuwa nikiwagombeza watu kwa miaka mitatu.

Septemba 8

Nimewapelekea wenzangu jedwali. Mmoja wao, kaka yetu anayewinda na mbwa wawili na ambaye hana haraka ya kusema, aliniuliza swali moja: "Na ukigusa tetea?"

Nimegusa. Nimechukua asilimia 10 tu ya matetea mwezi wa Oktoba. Badala ya 102, Aprili nina 92. Nikaacha hesabu iende miaka mitano: asiyegusa tetea ana 110, aliyegusa asilimia 10 ana 65. Sehemu moja kati ya kumi ya matetea inaumiza kuliko sehemu nane kati ya kumi za majogoo.

Kwa hiyo kikomo halisi kipo, na kimeandikwa kwenye sheria tangu zamani: kwa tetea ni sifuri. Ile namba 3 tunayoigombania ni kitu kingine kabisa, na nataka kujua ni nini.

Septemba 15

Siku ya historia, maana nataka kujua kama hesabu yangu imewahi kujaribiwa na watu halisi.

Fezanti waliletwa Oregon mwanzoni mwa miaka ya 1880 na Owen Denny, balozi mdogo wa Marekani mjini Shanghai. Shehena ya kwanza wengi walikufa, iliyofuata ikafaulu. South Dakota ilianza kuwaona wakistawi kuanzia 1909 hivi, upande wa Redfield katika kaunti ya Spink, na msimu wa kwanza ukafunguliwa hukohuko mwaka 1919. Ulikuwa wa siku moja, na kikomo kilikuwa majogoo wawili.

Kisha njoo mwaka 1945. Makadirio ya jimbo ni fezanti milioni 16, na waliopigwa mwaka huo ni milioni 7.5. Katika miaka hiyo ya vita kikomo kilipanuliwa sana, na hata matetea waliruhusiwa. Kufikia 1950 ndege walikuwa wameporomoka vibaya.

Hapa nilitaka kupiga makofi niseme jedwali langu limethibitishwa, lakini nikajizuia. Matetea walipigwa, ndiyo, na hilo halikusaidia. Ila wingi ule wenyewe ulitoka wapi? Ulitoka kwenye mashamba yaliyoachwa tangu ukame wa miaka ya 1930 na katika vita, yakaota magugu na nyasi ndefu. Vita vilipoisha ardhi ikarudi kwenye jembe. Siwezi kumtwika mwenye bunduki mzigo wote ule, wala siwezi kumtua wote.

Oktoba, Jumamosi ya tatu

Ufunguzi. Kupiga kunaruhusiwa kuanzia saa 4 asubuhi hadi jua linapozama, na ile dakika ya mwisho kabla ya saa 4, watu wamesimama kimya pembeni mwa mahindi na mbwa wanatetemeka, ni kitu ninachokisubiri mwaka mzima.

Wageni wawili waliungana nasi, tukawa 10. Nimeandika kila mtu alichopata: wanne hawakupata kitu, watatu walipata mmoja mmoja, wawili walipata wawili wawili, na mmoja tu alifikisha watatu. Jumla ndege 10. Kikomo chetu kilikuwa 30.

Sasa angalia. Kama kikomo kingekuwa 2, tungeokoa ndege mmoja katika siku nzima, yule wa tatu wa yule mtu mmoja. Nilikuwa nimejenga hoja yangu yote juu ya dhana kwamba kila mwindaji anajaza kikomo. Wengi hawakijazi. Na kadiri msimu unavyosonga majogoo waliobaki wanakuwa wajanja, wanakimbia ardhini mbali na mbwa au wanaruka wakiwa mbali, marisau (risasi ndogondogo za bunduki) hayawafikii. Mtu anatembea saa sita anarudi na mmoja, mwisho anaacha kuja. Ugumu wa kuwapata unawakinga majogoo wa mwisho kuliko karatasi yoyote.

Jambo jingine la leo, naliandika kwa aibu lakini lazima niliandike. Saa 10 jioni, jua likiwa usoni, ndege aliruka mbele yangu kutoka kwenye matete. Niliona umbo jeusi, nikaweka bunduki begani, kidole kikaenda. Kilichoniokoa ni kwamba hakuwika. Jogoo akishtuliwa mara nyingi hupiga kelele. Huyu alikuwa kimya. Nikashusha. Alipogeuka nikaona mkia mfupi na kahawia. Tetea. Mwezi wa Oktoba ni mbaya zaidi kwa sababu majogoo waliochelewa kuanguliwa hawajavaa rangi zao zote, hivyo jicho linataka kukubali chochote. Tumekubaliana kuanzia leo: ukiwa na jua usoni, usipige mpaka uone mkufu mweupe.

Na tumekubaliana hili pia: ndege aliyeanguka na kupotea anahesabiwa kwenye kikomo cha aliyempiga. Ukipoteza wawili na kubeba mmoja, siku yako imekwisha. Mmoja wetu alinung'unika. Nadhani ndiyo kanuni yenye uzito kuliko zote tulizojiwekea.

Novemba 9

Ushahidi niliokuwa nautafuta ulikuwa Iowa muda wote.

Katika miaka mingi ya 1990 wawindaji wa Iowa walichukua zaidi ya majogoo milioni 1 kwa mwaka. Mwaka 2011 walichukua takriban 109,000. Mwaka 2023 mavuno yalikuwa yamepanda tena kupita 500,000. Katika heka heka zote hizo kikomo kilikuwa majogoo 3 kwa siku. Hakikushushwa ndege walipokuwa wachache, na ndege wakarudi.

Kilichowashusha kabla ya 2011 kinajulikana: miaka mitano mfululizo ya theluji nzito ikifuatwa na masika ya mvua na baridi, huku nyasi zikitoweka. Vifaranga vya wiki ya kwanza haviwezi kujipasha joto. Mvua baridi ya siku mbili katikati ya Juni, wakati wengi wanapoanguliwa, inatosha kuwamaliza.

South Dakota ni hadithi hiyohiyo. Mwaka 2007 jimbo lilikadiria karibu ndege milioni 12 kabla ya msimu, na zaidi ya milioni 2 wakapigwa. Mwaka huo ndipo mpango wa serikali kuu wa kuwalipa wakulima waache ardhi ikae na nyasi, CRP, ulioanzishwa na sheria ya 1985, ulikuwa kileleni na karibu ekari milioni 37 nchi nzima. Bei ya mahindi ikapanda, mikataba ikaisha, nyasi zikalimwa. Miaka minane baadaye zilibaki chini ya ekari milioni 25. Mwaka 2013, baada ya ukame wa 2012 na masika ya baridi, kipimo cha South Dakota cha fezanti wanaoonekana kwa kila maili kilianguka kwa asilimia 64 katika mwaka mmoja. Kikomo? Watatu, mwaka 2007 na mwaka 2013.

Desemba 14

Mzee mwenye shamba ameliona jedwali. Alikaa nalo mezani muda mrefu, akafuata kila safu kwa kidole, akasema: "Hapa umekosea. Umeandika kila kipupwe wanapona asilimia 60, hata wakiwa wengi, hata wakiwa wachache. Njoo."

Tukaenda kwenye kinamasi chake. Theluji ilikuwa imefunika kila kitu mashambani, lakini matete yalikuwa yamesimama mazito, yamezuia upepo, na ndani yake alama za miguu ya fezanti zilikuwa zimepishana kama mshono. "Hapa wanaenea kiasi hiki na si zaidi," alisema. "Wa ziada wanalala kwenye mtaro. Dhoruba moja, kwaheri."

Nikarudi nikaweka dari: maficho yanatosha matetea 100, wanaozidi wanakufa. Kisha nikarudia jaribio la kupiga asilimia 10 ya matetea. Katika mwaka mzuri, ambapo matetea 60 wanaangua, Oktoba nina 190. Bila kuwapiga wanabaki 114, dari inawakata hadi 100. Nikiwapiga asilimia 10 wanabaki 102 na kitu, dari inawakata hadi 100. Sawa kabisa! Katika mwaka mzuri tetea aliyepigwa angekufa tu kwenye mtaro.

Lakini katika mwaka wa wastani hesabu inarudi kuwa 92 badala ya 100. Na nani anajua Oktoba kipupwe kitakuwaje? Hakuna. Ndiyo sababu nakubali marufuku ya kupiga matetea ibaki kwa piga ua, hata kama ipo miaka ambayo isingekuwa na madhara.

Januari 26

Jaribio la mwisho la jedwali, na ndilo lililoninyamazisha.

Kwanza nyasi. Mkulima akikata majani ya malisho mwanzoni mwa Juni, tetea hang'oki kwenye mayai hadi mashine iwe juu yake. Badala ya matetea 50 kuangua, nimeweka 35. Vifaranga 140, Aprili inayofuata matetea 84. Miaka mitano ya namna hiyo na 100 wangu wamekuwa 42, bila risasi kugusa tetea hata mmoja.

Pili kipupwe kikali kimoja, wanaopona asilimia 30. Wanabaki 51. Nikauliza jedwali: wanarudi 100 lini? Kwa nyasi zilizopo, ambapo kundi linaongezeka kwa mbili tu katika kila mia, miaka 34. Kwa nyasi za kutosha matetea 60 kati ya 100 kuangua, miaka isiyozidi sita.

Thelathini na nne na sita. Na baina yao hakuna kikomo cha mawindo, kuna nyasi zilizosimama Mei, Juni na Julai.

Je, namba 3 ina kazi gani basi? Nadhani sasa najua. Inagawa. Umati wa wiki ya kwanza ukiachiwa, watu wachache wenye mbwa wazuri watasafisha majogoo kabla kijana anayejifunza hajapata hata wa kwanza. Minnesota wameliona hilo waziwazi: wawili wakati umati upo, watatu umati ukiondoka. Inamzuia mtu kuugeuza uwindaji kuwa uvunaji. Kazi hiyo ni nzuri na ninaiheshimu, ila nilikuwa nimeidai kazi isiyo yake.

Kuna aliyependekeza tununue fezanti wa kufugwa tuwaachie Septemba. Nimekataa. Ndege wa bandani hajui mwewe wala bundi, wengi wao hufa katika wiki chache. Pesa hiyo ni ya mbegu za nyasi.

Machi 8

Kikao kwa mzee, wote wanane. Nilianza kwa kuwaomba radhi wale niliowagombeza. Kisha nikaweka karatasi moja mezani, safu nne tu.

Mzee ana ekari 12 kando ya kinamasi ambazo kila masika ya mvua humfia mahindi. Amekubali zipandwe nyasi za asili mchanganyiko na maua ya porini, kwa sababu kifaranga katika wiki zake za kwanza anakula wadudu, na wadudu wanafuata maua. Sisi tunatoa mbegu na nguvu kazi. Pia atasogeza ukataji wa majani ya upande wa magharibi hadi baada ya Agosti 1. Hasara ya ubora wa majani tutamlipa kwa kumjengea uzio. Kaka wa mbwa wawili ndiye aliyesema tulipe, na hakuna aliyepinga.

Aprili 27

Mbegu zimeingia ardhini jana. Upepo ulikuwa mkali, tukasubiri hadi alasiri. Mwaka wa kwanza huwa ni magugu tu, mzee ametuonya tusikate tamaa. Nyasi hizi hujenga mizizi kwanza.

Tulipokuwa tukikunja magunia jogoo aliwika upande wa matete, mara mbili, akapiga mabawa. Agosti, asubuhi ya kwanza yenye umande, nitapita tena zile maili 30 na daftari lilelile.